Mbuzi Akishasomwa Hashonwi

Siku tuliyomzika mke wa Mjomba kule Naitiri, Nasimiyu alinifuata nyuma ya jiko, mahali wanawake walikokuwa wakisugua masufuria, akaniuliza swali ambalo nimelibeba mwenyewe tangu kabla hajazaliwa. Nasimiyu ni binti ya Wekesa, na Wekesa ni mwana wa Mjomba. Ndiyo kwanza amemaliza shule ya upili. Wiki chache kabla ya mazishi alikuwa ametolewa damu Eldoret, na majibu yakasema anayo ile alama ya ukoo wetu, ile ambayo daktari aliiona mara ya kwanza katika utumbo wa babu yake. "Anti," akaniambia, "hii alama ni mzuri ama ni mbaya? Baba anasema ni mzuri. Mama analia tu. Watu wa hospitali wanasema ati inategemea." Mimi ni mwalimu, nimezoea kuulizwa. Lakini hili halikuwa swali la darasani. Nikamwambia asubiri waombolezaji waondoke, ndipo tuzungumze vizuri, nikaenda kukaa kwenye benchi la nje nikijaribu kuupanga ule mwaka kichwani ili nimpe jibu la mtu mzima. Haukupangika. Hata leo ninapouandika haujapangika, lakini nitausema jinsi ulivyokuja.

Ulikuwa mwaka wa kura ya maoni, ule wa ndizi kwa ndiyo na chungwa kwa hapana. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu na cheti kizuri na kazi hakuna, nikaja Kitale kwa Mjomba kungoja serikali initafutie darasa. Mjomba alikuwa na buchari karibu na soko. Mbele palikuwa na dirisha la waya na nyama zinazoning'inia, nyuma palikuwa na chumba cha kulia chenye meza mbili ndefu na kuta zilizopakwa rangi ya samawati ambayo moshi ulikuwa umeigeuza kijivu, na nyuma ya chumba hicho, mkipita pazia, ndipo tulipoishi. Kwa hiyo tangu asubuhi hadi jioni nilisikia kila kitu. Nilisikia makanga wa matatu na wauza mitumba wakila ugali kwa matumbo ya kukaanga na kugombania katiba ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeisoma. Wa ndizi walikaa meza ya ndani na wa chungwa meza ya mlangoni, na Mjomba aliwapimia wote nyama ile ile. Mtu akimuuliza yeye yuko upande gani, alisema yuko upande wa ng'ombe. Nilipenda chumba kile. Nilipenda harufu ya kitunguu na dania asubuhi, na jinsi Mjomba alivyokuwa akinong'ona jina la kila mteja kabla hajaingia, kwa kusikia viatu tu.

Lakini buchari ilikuwa riziki yake tu. Kwao Naitiri alijulikana kwa jambo lingine. Nyumba ikiwa na neno linaloisumbua, posa, safari, ugonjwa usioisha, watu walichinja mbuzi na kumwita Mjomba aje ayasome matumbo. Yalitandazwa juu ya majani ya mgomba yangali na joto, naye akainama, akaangalia mishipa ilivyopita, palipojaa na palipo tupu, palipo na doa, kisha akasema anachokiona kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekueleza njia ya kwenda posta. Mkewe, Anti Robai, mama wa kanisa asiyekosa Jumapili, hakupenda habari hizo. Alikuwa akisema Mungu hajawahi kuandika barua ndani ya mbuzi. Mimi nilikuwa katikati, nikiwa na elimu ya kutosha kucheka na woga wa kutosha kutocheka karibu. Siku moja nilimuuliza Mjomba, alipokuwa akisafisha matumbo ya kuuza, kama na haya anayasoma. Akashangaa kweli. Akasema mbuzi wa kuuza hana maneno, hakuna aliyemuuliza kitu. Nikamtania: basi yule wa nyumbani, mbona hakuonyeshwa kwamba yeye mwenyewe atachinjwa, akakimbia? Hapo Mjomba aliweka kisu chini, akanijibu bila utani. "Matumbo ya mbuzi haisemangi habari ya mbuzi," akasema. "Ya mbuzi imeisha. Inasema ya nyumba."

Sikuyatilia maanani maneno hayo. Nilifikiri ni hekima za buchari. Msimu wa kupanda mahindi ulipoanza, mikanda ya Mjomba ilianza kuongezwa matundu. Alisema ni kazi. Usiri wake ungeendelea, lakini mwanamke anayekufulia nguo humfichi kitu, na alasiri moja nikiwa nachambua mchele nilimsikia Anti Robai nyuma ya ukuta wa mbao akimweleza mwenzake wa kanisani kuhusu damu anayoiona. Mwenzake alishauri maombi na mwarobaini. Anti Robai alisema maombi sawa, lakini kesho anampeleka kwa daktari hata kama itabidi amfunge kamba. Nilikaa na ungo mapajani, mchele umenitoka akilini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili na nilidhani watu wanaokupa chakula hawaugui.

Daktari Chebet alikuwa mwanamke wa Cheptais, mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyekuja kliniki moja ya Kitale siku za soko. Alikuwa katika utafiti wa saratani za tumbo na utumbo pamoja na madaktari wa mbali. Alitupeleka Eldoret, Mjomba akaingizwa kamera ya kuangalia utumbo, na mimi nikabaki kwenye ukumbi wa nje nikimshikia kofia yake ya pama. Walipata uvimbe. Wakaukata kipande kidogo. Daktari alisema waziwazi kwamba ni saratani, kwamba bado iko mahali pamoja, na kwamba dawa yake ni kisu, mapema iwezekanavyo. Akaomba ruhusa ya kukipeleka kipande kile kikachunguzwe zaidi, na Mjomba akakubali upesi. Kuhusu upasuaji alisema ngoja kwanza mahindi yapaliliwe. Mahindi yakapaliliwa. Akasema ngoja Wekesa arudi kutoka Nairobi alikokuwa akifanya kazi ya ujenzi. Wekesa akarudi. Nilianza kuelewa kwamba Mjomba, aliyekata nyama maisha yake yote, aliogopa kukatwa, na huruma niliyomwonea ilichanganyika na hasira.

Majibu ya kile kipande yalipokuja, Daktari Chebet alituita, na nakumbuka alikuwa na furaha. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, ile furaha yake. Alidhani sasa ana habari itakayomsukuma mzee. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja, kalenda ya duka la mbegu, na viti vitatu, Mjomba katikati yetu, kofia magotini. Daktari alieleza polepole. Mwili, alisema, umejengwa kwa chembe ndogo ndogo, na kila chembe ina maandishi ya urithi ndani yake. Chembe ikigawanyika, maandishi hunakiliwa, na wakati wa kunakili makosa hutokea, lakini yupo msahihishaji anayepita nyuma akiyarekebisha. Nikatikisa kichwa, hiyo ndiyo kazi yangu. Katika uvimbe wa Mjomba, msahihishaji hayupo. Makosa yamejaa ukurasa mzima. Nikaona hiyo ni habari mbaya, lakini Daktari akasema hapana, hapo ndipo penye wema, kwa sababu uvimbe wenye makosa mengi hivyo hujifichua wenyewe. Askari wa mwili huuona si mwenzao, nao hujazana ndani yake kupigana. Walivyoutazama uvimbe wa Mjomba walikuta askari hao wamejaa tele. Watu wenye alama hii ya kukosa msahihishaji, ugonjwa ukiwa bado haujatembea, wakipasuliwa wengi wao huendelea vizuri kuliko wasio nayo.

Mjomba aliuliza swali moja tu. Alitaka kujua hiyo alama imetoka wapi.

Daktari angeweza kusema hajui. Lakini alikuwa mtu mkweli, akasema mara nyingine msahihishaji huyo hukosekana kwa sababu ya kasoro inayorithiwa, na kwa kuwa baba yake Mjomba na dada yake mmoja walikufa kwa tumbo, ni vizuri watoto wake na ndugu zake wote wachunguzwe, mmoja mmoja, kabla ya kuugua. Nilimwona Mjomba akitulia. Sijui neno jingine. Tangu mwanzo wa mwaka alikuwa mtu wa kujikunyata, na pale kwenye kiti mabega yake yakashuka. Alimshukuru Daktari, akavaa kofia, na tulipofika buchari akala ugali mzima kwa mrenda, mboga pekee iliyokuwa ikimteremka bila taabu, akamtania Anti Robai kuhusu chumvi. Sisi wote tulifurahi. Tulisema amekubali upasuaji.

Jumamosi iliyofuata alifunga buchari, akatupeleka wote Naitiri na mbuzi mmoja mweupe. Ndugu walikuja, kila mtu akijua kwamba mbuzi ni wa kusomwa, maana neno lenyewe lilikuwa kubwa. Akachinjwa. Matumbo yakatandazwa juu ya majani, watu wakakaribia. Mjomba hakuinama. Aliyatazama akiwa amesimama, kisha akawaambia wanawake wayaoshe wakapike, leo hakuna cha kusomwa. Swali la nyumba yake, alisema, lilikwisha kujibiwa. Daktari wa Cheptais alimfungua, akaangalia ndani, akaikuta alama, na alama ni ya nyumba, yeye mwenyewe daktari amesema. Akawataja watoto wake kwa majina, na ndugu zake, na mimi kwa niaba ya marehemu mama yangu, akatuamuru twende kuangaliwa, na atakayekataa asije kumlilia. Wekesa ndiye aliyeuliza tulichokuwa tukikiwaza, kwamba yeye mwenyewe basi anapasuliwa lini. Mjomba akamtazama kama anamwonea huruma.

"Mbuzi akishasomwa hashonwi," akasema.

Kwanza nilidhani ni mzaha wake wa kawaida. Kisha nikawaona wazee wakitikisa vichwa taratibu, si kwa huzuni, bali kama watu walioelewa hesabu. Nilisimama mbele ya wanaume, jambo ambalo wasichana hawalifanyi, nikasema Daktari hakusema hivyo. Nikaeleza msahihishaji, makosa, askari. Nilieleza vizuri, nadhani sijawahi kufundisha vizuri vile. Nikasema alama ni njema na ni yake, Mjomba, ni ya kumponya yeye. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza kama Daktari alisema au hakusema kwamba nyumba nzima iangaliwe kwa sababu ya alama ile. Nikasema alisema. Akaniuliza nimewahi kuona wapi alama moja ikasema mambo mawili. Nikakaa chini.

Anti Robai hakungoja wiki iishe. Alirudi Kitale akamwambia Daktari Chebet aje mwenyewe amtengeneze mtu aliyemharibu. Daktari akaja, na gari lake likakwama kwenye matope ya Naitiri, Wekesa na wenzake wakalisukuma. Walikaa sebuleni yeye na Mjomba, chini ya vitambaa vya kudarizi vya Anti Robai, na sisi tukasimama mlangoni bila hata kujifanya hatusikilizi. Daktari hakumdharau. Alisema anajua habari za kusoma mbuzi, kwao Cheptais, mlimani, pia wazee walisoma. Alisema lakini mtu si mbuzi, mtu husomwa akiwa hai, ndiyo faida yake. Mjomba alilipenda hilo, nilimwona akilipenda. Akalifikiria. Kisha akamwinamia.

"Daktari, nikienda kwa kisu, unaniahidi nitapona?"

"Siwezi kuahidi, mzee. Nasema wengi walio na hiyo alama wanaendelea vizuri. Wengi, si wote."

"Na watoto wangu wakiangaliwa mapema, hiyo nyama ikipatikana ikiwa ndogo, ikatolewa?"

"Hiyo naweza kuahidi zaidi."

"Basi si umeona," Mjomba akasema kwa upole. "Kwangu hiyo alama inasema labda. Kwa nyumba inasema ndiyo. Alama inajua mwenyewe."

Daktari Chebet alilia garini. Nilimsindikiza, nikaona. Aliniambia angeweza kusema uongo mdogo tu, neno moja, ahadi, na mzee angeingia garini. Nilikuwa nimemkasirikia kwa kutousema, na wakati huo huo najua ningemkasirikia zaidi angeusema.

Mengine ni mafupi. Wekesa alikwenda Eldoret, akitukana njia nzima, na kamera ikakuta vinyama viwili ndani yake ambavyo vingegeuka kuwa saratani, wakavitoa siku ile ile. Alirudi akapiga magoti mbele ya baba yake, akamwambia ameona, dawa ipo, twende na wewe sasa. Mjomba alifurahi sana kusikia habari za vinyama, akataka aambiwe tena vilivyokuwa, ukubwa wake, rangi yake, kama msomaji anayehakikisha alichokisoma. Kwenda akakataa. Wekesa alivunja kiti. Anti Robai alisema sikio la kufa halisikii dawa, akalisema mara nyingi, na kila mara lilinichoma, maana la Mjomba lilikuwa limesikia kila neno. Mimi nilimpikia mrenda kule Naitiri, maana hakurudi tena buchari, mpaka hata huo ukakataa kushuka. Watu walipiga kura, chungwa likashinda, na wateja wa meza ya mlangoni walikuja Naitiri kumjulisha, wakakuta hawezi tena kucheka kwa sauti. Alikufa kabla ya Krismasi. Serikali ilinipa darasa Kiminini mwezi uliofuata, na siku ya kwanza nilipoandika ubaoni na kumwona mtoto akinakili vibaya, ilibidi nitoke nje.

Nimekuwa mwenye kukanganyika tangu hapo, wala sisemi kwa kujipamba. Kuna siku namwona Mjomba kama mtu aliyeogopa kisu akapata sababu nzuri ya kuvaa juu ya woga wake. Siku nyingine nakumbuka mabega yale yalivyoshuka pale kwenye kiti, nikajua haukuwa woga. Alikuwa mtu aliyewasomea wengine maisha yake yote, na siku moja akaambiwa kwamba ndani yake mwenyewe kumeandikwa kitu cha kuwafaa watoto wake. Nani angemwambia kwamba anaruhusiwa kufaidi na yeye? Mimi nilimwambia. Lakini nilimwambia kwa lugha ya chuo. Miaka mingi baadaye, damu yetu ilipoanza kupimwa, mimi nilikutwa sina alama, na Wekesa anayo. Nilipaswa kushukuru. Nilijisikia kama mtu aliyeachwa nje ya mlango wa kwao.

Daktari Chebet alikuja kumzika Anti Robai. Nywele zimekuwa nyeupe na anatembea na fimbo. Tuliketi naye kwenye lile benchi nilipokuwa nikijaribu kuupanga mwaka, akaniambia kile kipande cha Mjomba bado kipo, kimehifadhiwa ndani ya nta, na wanafunzi wake hukikata vipande vyembamba na kukisoma upya kila sayansi inapopata macho mapya. Siku hizi, alisema, zipo dawa za kuwaamsha askari wa mwili, na zinawafaa zaidi watu wenye alama kama ile, hata ugonjwa ukiwa umetembea. Ni ghali na si wote zinaowafaa, lakini zipo. Nikamuuliza nani alikuwa sahihi, yeye au Mjomba. Alilaza fimbo yake mapajani. "Mimi niliwasomea watu wengi," akasema. "Yeye alikuwa mmoja. Sijawahi kujua jinsi ya kulichukua jibu la wengi nikampa mmoja." Mbele yetu Wekesa, ambaye sasa amempita baba yake umri, alikuwa akigawia wageni nyama, akimtania kila mtu, na shati limembana tumboni. Nilimtazama nikashukuru na nikamkasirikia Mjomba upya, kwa pamoja, na hakuna lililomsukuma mwenzake.

Nasimiyu alikuja watu walipopungua, akakaa pale Daktari alipokuwa amekaa. Nilimweleza yote haya, si kwa mpangilio huu. Nilipomaliza akaniuliza tena, ni nzuri ama ni mbaya, na nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Babu yake alisema ni ya nyumba. Daktari alisema ni yake. Nadhani ilikuwa yake na ya nyumba pia, na hakuna aliyeweza kumshawishi Mjomba kwamba alama moja yaweza kusema mawili.

"Sasa mimi nifanye nini?" akasema.

Nikamwambia Jumanne anaangaliwa kwa kamera Eldoret, nitaenda naye, nimekwisha kuongea na baba yake. Kesho asile kitu cha mbegu wala cha rangi nyekundu, anywe maji mengi, na ile dawa ya kuosha tumbo ni chungu lakini aimalize yote. Na wakikuta kitu chochote, kitatolewa, na atashonwa panapohitaji kushonwa, na hakutakuwa na mbuzi.

"Na wewe si huna hiyo alama? Unaenda kufanya nini?"

"Kukaa nje," nikamwambia. "Utanipa begi lako nikushikie."

Akanitazama kuona kama namtania, kisha akalivua begi lake begani pale pale, siku mbili kabla, akaniwekea mapajani.